Mashairi Yaliyofungiwa Viazi

Kwako Baba Zuhura,

Asalaam alaikum. Sitakuuliza hali, maana wazee uliowatuma wamekwisha kutoa habari zako zote: kwamba u mzima, kwamba umenenepa kidogo, na kwamba wataka kunioa tena. Walikaa ukumbini na kaka Athmani, wakanywa kahawa, wakamaliza na halua, wakaondoka. Kaka amenipa mpaka Ijumaa baada ya sala nimwambie ndiyo au hapana, ili naye awapelekee jibu. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu na sina ugomvi nayo. Lakini jibu langu ni refu kidogo, na kaka, wamjua mwenyewe, akipewa maneno marefu huyafikisha nusu. Kwa hiyo naliandika mimi, tena naliacha wazi. Kuze, mtaa wetu mzima, ilisoma mapenzi yako kabla sijayasoma mimi. Si vibaya ikisoma na jibu.

Acha nianze na viazi.

Tulikuwa bado wageni katika ndoa. Mimi nimeanza kukaanga viazi karai kwenye baraza ya mama kila baada ya Alasiri, na shida yangu ilikuwa karatasi za kufungia. Wewe ulikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ya ghorofani upande wa Liwatoni, nikakuomba uniletee magazeti yaliyokwisha somwa. Gazeti lilikuwa likiingia pale asubuhi, na kabla ya adhuhuri limekwisha kugawanywa. Wenzako wa bara walichukua kurasa za michezo, mkubwa wenu akachukua za siasa, mfagiaji akachukua za matangazo ya kazi. Za biashara hazikuwa na mwenyewe. Hizo ndizo ulizoniletea, zimekunjwa vizuri kwapani, ukaziweka juu ya pipa la unga bila kusema neno, ukaenda kuoga.

Nami nikazitwaa, nikazichana, nikafungia viazi. Kazi ile haina nafasi ya kusoma. Kiazi kinatoka kwenye mafuta, mteja amesimama, mwengine nyuma yake analalamika, ukwaju umepungua. Duara nyekundu niliziona, sitakudanganya. Nilidhani ni mambo yenu ya kazini, mtu amekagua bei za mizigo. Wiki baada ya wiki nikagawa karatasi zako kwa watu wa Kuze, na ukwaju juu.

Aliyenizindua ni Bi Rehema wa nyumba ya pili. Alishuka jioni moja ameshika karatasi iliyolowa mafuta kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, karatasi hizi wazitwaa wapi?"

"Huniletea bwana'ngu kutoka kazini."

"Basi mwambie mimi n'shakuwa nyanya, nina wajukuu. Haya si yangu."

Nikafuta mikono nikaipokea. Ilikuwa habari ya mnada wa chai, ile ambayo hata wauza chai sidhani waliimaliza. Katikati ya habari maneno machache yalikuwa yamezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, moja hapa, moja kule, na ukiyafuata kutoka juu kwenda chini yalisema hivi: *Mahitaji yanazidi kupanda. Bidhaa mbadala haijapatikana.*

Niliyasoma tena na tena mpaka Bi Rehema akanikumbusha kwamba viazi vinaungua. Kisha yeye mwenyewe akatia kasoro, maana ndio Kuze, mtu hata akiletewa dhahabu hukagua vina kwanza. "Na shairi gani hili halina kina, halina mizani?" Nikamwambia siyui. Nilikuwa nimeanza kuvuta karatasi zilizobaki chini ya kikapu. Moja ilikuwa nzima: *Soko limefungwa. Macho yote yanaelekezwa nyumbani.* Nyingine ilikuwa imechanika. Imebaki na duara mbili tu, *kampuni* na *imekiri*. Kipande cha chini kilikuwa kimekwenda zake na viazi, pengine kiko mtaa wa pili, Mlango wa Papa. Mpaka leo sijui ulikuwa ukikiri nini.

Uliporudi nilikukalisha pale kwenye ngazi, hata kofia hujavua.

"Ni wewe?"

Ukatazama karatasi, ukanitazama mimi. "Kwani hukuwa ukisoma?"

"Nilikuwa nikifungia viazi!"

Ulicheka mpaka kofia ikaanguka yenyewe. Kisha ukaiokota, ukaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Nikakuuliza kwa nini hukusema tu kwa mdomo, sisi ni mke na mume, hapana haya. Ukasema, "Maneno yangu mwenyewe hayatoki. Haya yashatoka tayari, mimi nachagua tu." Nililipenda jibu lile. Nililipenda kwa miaka mingi kabla halijaanza kuniuma.

Wajua nyumba niliyotoka. Marehemu baba alikuwa hashindwi na beti, na wajomba zangu walikuwa wakijibizana hata wakiomba chumvi. Nimekua nikisikia wanawake wakiitwa asumini, wakiitwa lulu, wakiitwa mwezi wa kumi na nne. Yalikuwa mazuri, lakini kila mmoja alikuwa ameitwa hivyo, hata shangazi aliyekuwa hasemezani na mtu. Hapana aliyewahi kuniambia bidhaa mbadala haijapatikana. Niliposoma yale niliamini, kwa sababu mtu aliyetaka kudanganya angechagua njia iliyo rahisi zaidi.

Tukaufanya mchezo wa Ijumaa. Baada ya chakula tulikuwa tukipanda chumba cha juu chenye dirisha la barabarani, tukagawana ukurasa, kila mtu na habari yake. Masharti uliyaweka wewe, na kwa mtu asiye na maneno ulikuwa mkali wa masharti. Neno la nje lisiingie. Jicho lishuke tu, lisirudi juu. Na ukikwama usiombe kubadilishiwa habari. Mimi nilikuwa nikiiba, nikijifanya sioni "usirudi juu," nawe ulikuwa ukiniona na hunambii. Ulikuwa ukikohoa tu.

Neno moyo lilitusumbua sana. Kurasa zile zina kila kitu isipokuwa moyo. Zina ushuru, zina shehena, zina mavuno, na moyo hazina. Ulilitafuta mwezi mzima, na siku uliyolipata ulikuja mbio kama mtu aliyeitwa msibani, ukanionyesha mahali palipoandikwa kwamba wakulima wa korosho *wamepata moyo*. Ukalizungushia duara peke yake, hukulitia na lolote. Nikakuambia hilo si shairi. Ukasema, "Latosha."

Na riba. Zilikuwa habari tele za riba, imepanda, imeshuka, benki zimesema hivi. Hata siku moja hukuizungushia duara. Nilipokuuliza ulisema mapenzi yetu hatuyatii haramu, na ulisema kwa uso mkavu hata nikashindwa kujua kama wafanya mzaha.

Siku ya habari ya saruji nilijua nimeshinda. Mimi nilikuwa nimepata habari ya maua yanayosafirishwa ng'ambo, rahisi kabisa, na wewe saruji tupu, magunia na viwanda. Ulikaa nayo mpaka chai ikapoa. Nikaanza kukucheka. Kisha ukanisogezea karatasi: *Ujenzi unaendelea. Hakuna nyufa.* Nikayaacha maua yangu, sikuyasoma hata kwa sauti.

Nami nilikujibu, usiseme sikukujibu. Siku uliyonuna kwa sababu ya samaki aliyezidi chumvi, nilikufungia mkate wa kazini kwa karatasi yenye duara zangu: *Malalamiko ya mteja yamepokelewa. Huduma itaboreshwa.* Ulirudi umeikunja mfukoni, mafuta yameingia mpaka kwenye kanzu. Na Zuhura alipozaliwa, mama alikuwa chumbani, dada zako walikuwa chumbani, mkunga alikuwa chumbani, kila mtu asema lake, na wewe umesimama mlangoni huna la kusema. Ukampa mama karatasi anipe. Mama hakuwa na miwani, akadhani ni dawa, akaniwekea chini ya mto. Niliisoma walipotoka: *Tawi jipya limezinduliwa. Ni dogo, lakini matarajio ni makubwa.* Nilicheka na mwili wote ukauma. Nilikupenda siku ile kuliko siku ya harusi nilipokuwa nimevikwa dhahabu.

Kwa hiyo usidhani nimesahau, Baba Zuhura. Nakumbuka zaidi ya wewe. Nayasema haya ili ujue kwamba hiki ninachokuja kukisema sikisemi kwa uchungu wa mtu aliyekosa kupendwa.

Kisha makontena yakaanza kupakiwa treni moja kwa moja hadi bara, na kazi nyingi za hapa kisiwani zikayafuata. Sote tulikuwa tukiona. Ofisi za kutoa mizigo zilifungwa moja moja, wanaume wakawa wanakaa barazani asubuhi, saa ambayo zamani ungemkuta mzee na paka tu. Wewe ulikuwa ukienda kazini na kurudi, na karatasi kwapani, na mimi kwa wakati ule nilikuwa nimekwisha kuwa msomaji wa biashara kuwashinda hao wenye biashara zao. Siku moja ukaweka ukurasa juu ya pipa la unga kama kawaida, ukaenda kuoga. Nikautwaa. Ilikuwa habari ya makampuni yanayohamisha shughuli zake bara. Nikatafuta duara. Hapakuwa na duara. Nikageuza nyuma, nikauinua dirishani nikitazama kama wino umefifia. Ulikuwa mtupu. Nikausoma kama unavyosomwa na watu wote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na mwisho nikakuta kampuni yenu imetajwa katikati ya nyingine.

Ulipotoka kuoga nilikuuliza, "Wahama?"

"Kampuni yahama."

"Nakuuliza wewe."

Ulifunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Mama alikuwa kitandani chumba cha pili, ameshikwa na kiharusi upande mmoja, na wewe ulijua fika kwamba siwezi kumwacha. Hukuniomba tufuatane, hukusema utabaki, hukusema hata kwamba yakuuma. Ningepokea lolote. Uliuacha ukurasa ule useme, nao ulikuwa ukisema habari za mizigo.

Ukaenda. Mwanzo ulikuwa ukija kila mwisho wa mwezi, kisha ukawa waja sikukuu. Simu zetu zilikuwa ni Zuhura kusema na mimi kusema na wewe kusikiza. Kisha ikaja ile karatasi ya talaka, imeandikwa kwa hati yako nzuri, na majina ya mashahidi, na barua ya kueleza kwamba hutaki kunifunga kwa mume asiyekuwapo. Ilikuwa ni heshima, kila mtu aliniambia hivyo, na kaka alisema ni wachache wanaoachana kwa wema kama ule. Nilikaa eda yangu karibu na kitanda cha mama. Mama hakuweza kusema vizuri tena, lakini siku moja alinishika mkono akauliza, pole pole, kwa upande ule mzima wa mdomo, "Alisema nini?" Nikamwambia hakusema kitu, aliandika. Akatikisa kitwa. Alinisikitikia, mtu ambaye kila neno kwake lilikuwa jasho.

Mama ametangulia, Mungu amrehemu, na uliuleta mkono wako wa rambirambi kupitia kwa dada yako. Zuhura amekuwa mwanamke, afundisha chekechea, watoto wampenda na yeye apiga kelele kuliko wao. Bi Rehema yu hai, haoni vizuri lakini habari zote anazo. Viazi bado nakaanga. Siku hizi nafungia karatasi nyeupe za kununua, kwa sababu wateja wapya wasema wino wa gazeti si afya. Wa zamani walalamika kwamba viazi havina ladha ile.

Basi ndipo wazee wako wakaja. Waliposema waliyotumwa, mmoja akamkabidhi kaka bahasha, naye akaniletea bila kuifungua. Nilijua kabla sijaifungua. Ukurasa wa biashara, kalamu nyekundu: *Shughuli za bara zimesitishwa. Usimamizi unaomba kurejea makao makuu. Masharti yote yatazingatiwa.*

Nilicheka, Baba Zuhura. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaegemea ukuta, kisha nikaona nalia, na sikujua ni wapi kicheko kilipoishia. Wewe ni fundi. Miaka yote hii na mkono haujatetereka, na jicho halijarudi juu hata mara moja, nimekagua. Zuhura aliisoma akanikumbatia, akaniambia, "Mama, mkubalie basi. Nani mwengine ataka kukuita makao makuu?"

Nakupenda. Nalitamka wazi, ili usilitafute kati ya mistari. Nakupenda, na sikuacha hata katika eda, na nikisikia mtu anakohoa barabarani bado nageuka.

Lakini nilipokwenda kwa kaka nimwambie, kabla sijafungua mdomo, yeye akaanza kunieleza sheria, kwa kuwa ndiye walii wangu na apenda kueleza. Akasema, "Ungekuwa mwari, nami nikakuuliza ukanyamaza, kunyamaza kwako ndiyo idhini, twaenda mbele. Lakini wewe ushaolewa. Kwako kunyamaza hakutoshi. Sharti utamke, nami nikusikie." Alisema hivyo akainua finjani yake ya kahawa, akangoja.

Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa.

Nilirudi nyumbani nikautwaa ukurasa wako, nikausoma wote, na maneno ambayo hukuyachagua pia. Nilikuwa nikitafuta kitu kimoja. Kisha nikazitoa zile karatasi za zamani zilizonusurika viazi, ile ya saruji, ile ya Zuhura, nikazitandika sakafuni chini ya dirisha, nikazisoma nazo mstari kwa mstari. Ndipo nilipoona. Kampuni imo. Wateja wamo, na soko, na usimamizi, na pande zote mbili. Lakini neno *mimi* halimo. Wala *wewe*. Hata ungetaka kuyazungushia duara usingeyapata, kwa sababu waandishi wa habari zile hawayahitaji. Nilikaa pale sakafuni nikafikiri juu ya mtu aliyenipenda kweli, naye akachagua katika gazeti zima kurasa ambazo hatalazimika kusema kwamba ni yeye.

Nami nililea jambo lile. Nililifurahia, nikaliita ufundi, na ni ufundi. Katika siku za raha lilitutosha na likazidi. Ilipokuja siku ya shida halikuwa na neno la kutupa, na wewe hukuwa na lako la akiba.

Kwa hiyo jibu langu si ndiyo, na si hapana, na kaka asijisumbue kwenda popote Ijumaa. Sheria yasema mimi nitamke. Haisemi lolote juu yako, wanaume mwakubaliwa kutuma wazee na bahasha. Basi hili ni sharti langu, nawe umekwisha andika kwamba masharti yote yatazingatiwa.

Njoo mwenyewe. Usije na mzee, usije na karatasi, na kalamu iache huko huko. Njoo baada ya Alasiri, barazani, wakati watu wapo. Nitaushusha moto. Utasimama mbele yangu useme *mimi*, kisha useme *wewe*, na katikati yake utie neno lolote ulilo nalo, hata likiwa dogo, hata likitoka limepinda. Halihitaji kina, mwambie Bi Rehema nimesema mimi. Ukikwama sitakusaidia. Nitakaa nikutazame tu, na wateja wangoje, na jasho likutoke, na hata jua likitua sitaondoka.

Nalo likitoka, nitakujibu papo hapo, kwa sauti ya kufika nyumba ya pili.

Ni mimi,
Mama Zuhura